Marehemu Anabeti Gare du Nord

"Bonjour, monsieur Jean-Marie. Kama siku zote?"

Najua maneno hayo yamekusumbua wiki nzima, msomaji, na wengine mmenipigia simu kunitukana. Lakini wewe uliyasoma tu, umekaa na chai yako. Euphrasie aliyasikia kwa masikio yake, amesimama ndani ya duka la kubeti karibu na stesheni ya Gare du Nord, mgongo wake ukielekea mlangoni. Jean-Marie ni mume wake. Na Jean-Marie alizikwa Bukavu, karibu mwaka sasa.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, mambo ni hivi. Baada ya mazishi iligundulika kwamba kasha la mutuelle, ule umoja wa watu wa Kivu wanaoishi Brussels unaosafirisha maiti hadi nyumbani, lilikuwa tupu. Mweka hazina alikuwa Jean-Marie. Rais wa mutuelle akasimama mbele ya watu, akatoa machozi, akasema hapendi kumsema marehemu, lakini marehemu alikuwa akibeti. Basi, ikaisha hivyo. Habari ilifika Bukavu upesi, ukoo ukakaa, ukaamua kwamba jina la Jean-Marie lisipewe mtoto yeyote.

Kwa Euphrasie huko kulikuwa kuzikwa kwa mumewe mara ya pili, safari hii bila sala. Mwanamume aliyeishi naye miaka yote hakuwahi hata kununua tiketi ya bahati nasibu. Ndiyo maana mchana ule, baada ya kazi yake ya kutunza wazee, alikwenda mwenyewe kupaona hapo mahali wanaposema mumewe aliponzwa.

Sasa marehemu alikuwa ameingia na kusalimiwa.

Euphrasie akajifunika mtandio hadi puani, akageuka polepole.

Hakuwa mzimu. Alikuwa mtu mnene wa koti la kijivu. Aliingiza mkono katika mfuko wa ndani, akatoa kadi ya kitambulisho, akaibusu, akaiweka juu ya mashine. Taa ya kijani ikawaka. Kijana wa kaunta, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu anayeitwa Cédric, hakuitazama picha iliyo kwenye kadi. Alitazama taa, akasoma jina, akatabasamu. Kwake yeye weusi ni weusi, taa ndiyo inayojua zaidi.

Mtu huyo alikuwa Crispin. Ndiyo, Crispin yuleyule, rais wa mutuelle, rafiki mkubwa wa Jean-Marie tangu shule, aliyelia kuliko mjane siku ya msiba hadi wakamshika mikono.

Euphrasie alinyoosha mkono akashika kiti kirefu kilichokuwa karibu, akakivuta kwa nguvu zote. Kilikuwa kimefungwa sakafuni kwa bolti. Namshukuru sana fundi aliyekifunga, maana angekikosea kidogo tu, hadithi yetu ingekwisha pale pale na shujaa wetu angekuwa gerezani.

Akatoka nje bila kuonekana.

*

Euphrasie anakaa Saint-Gilles, mtaa mmoja wa Brussels, katika nyumba moja kuukuu iliyokatwakatwa vyumba. Ghorofa ya juu yake anaishi Nusura, Mtanzania kutoka Tanga, anayesomea sheria. Nusura alisikia ngazi zikipigwa kwa hasira, akashuka na sufuria yake mkononi.

"Mama Jémima, kuna nini?"

"Nimemuona mwizi ya bwana yangu."

Akamweleza yote. Nusura akaweka sufuria chini.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Yote mbili. Kadi ya Jean-Marie iko mu mfuko yake. Ile kadi tulitafuta, tukageuza hata matelas ya kitanda. Pale commune, ku bureau ya serikali, baliniandikisha kwamba imepoteya, bananiangalia kama muongo. Kumbe iko na Crispin, anaibusu."

"Kwa nini asitumie kadi yake mwenyewe?" Nusura aliuliza, kisha akajijibu kabla mwenzake hajafungua mdomo. "Ngoja. Mke wake. Kabla hawajaachana alikuja kuniuliza mambo ya sheria. Alisema ni kwa ajili ya rafiki yake. Wanawake wote wanaouliza huwa ni kwa ajili ya rafiki."

"Alikuuliza nini?"

"Kumfungia mtu. Sikiliza, sheria iko clear. Zamani kadi zilikuwa zinakaguliwa casino tu. Siku hizi hata maduka ya kubeti lazima wakague kila anayeingia. Na familia ina haki ya kuomba ndugu yao afungiwe asicheze. Mke wake alimfungia, Mama Jémima. Crispin akiweka kadi yake pale, taa nyekundu. Akiweka ya Jean-Marie, kijani."

"Lakini Jean-Marie alikufa."

"Mashine haiulizi kama mtu yuko hai. Inauliza kama amefungiwa. Nani atahangaika kumfungia marehemu?"

Euphrasie akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na Nusura hakukipenda.

Wakati huo Jémima akaingia, binti pekee wa Euphrasie. Ana miaka kumi na tisa, mrefu kama baba yake, na faili lake la uraia wa Ubelgiji liko kwa wakubwa likingoja jibu. Nusura ndiye aliyemsaidia kulijaza.

"Nani amefungiwa?" aliuliza.

"Wewe," Nusura akamtania. "Umri wa kubeti umepandishwa, sasa ni ishirini na moja. Subiri ukue."

Jémima hakucheka. Mama yake akashindwa kujizuia, akamwambia nani ameonekana, wapi, na kwa kadi ya nani. Binti akasikiliza mpaka mwisho. Akaacha chakula chake kama kilivyo, akaenda chumbani akafunga mlango.

"Kifo ya papa yake bado inamuuma," Euphrasie alisema.

Nusura akarudi kwenye hoja. "Kesho twende polisi."

"Hapana."

"Hapana?"

"Polisi itamupatia amende. Atalipa, atasema ilikuwa erreur, na siku ya Mungu atakuwa kanisani anavaa cravate. Alichafula jina ya bwana yangu mbele ya bantu. Miye nataka aisafishe mbele ya bantu, na mudomo yake mwenyewe. Halafu polisi imupeleke."

"Mama Jémima, unataka haki au unataka kisasi?"

Euphrasie alifikiri. Nampenda mwanamke huyu kwa sababu hasemi uongo hata kwa adabu. Ngoja, maneno hayo niyaweke hapo, tutayarudia.

"Kisasi," alisema. "Kama haki inapita njia ile ile, bon, itembee na siye."

*

Jumamosi ile ilikuwa siku ya levée de deuil, kuanua matanga. Watu wa Kivu hawafanyi jambo hilo kimyakimya. Mwaka ukitimia wanakodi ukumbi, wanapika, wanaalika hata waliogombana nao, na mbele ya wote mjane anavuliwa nguo nyeusi na kuvishwa kitenge kipya. Anayemvua ni mama mkwe. Na mama mkwe, Maman Gracieuse, alikuwa ameshatua kutoka Bukavu baada ya kunyimwa viza mpaka akachoka kuhesabu.

Bibi huyo alikuja na neno jingine pia. Huko Bukavu mjukuu wa kiume amezaliwa katika ukoo, na mpaka leo watu wanamwita Bébé. Hana jina. Zamu ya jina ni ya Jean-Marie, lakini ukoo umelifunga. Maman Gracieuse alitaka asikie Brussels yenyewe inasemaje juu ya mwanawe, kisha apige simu, mtoto apewe jina la Jean-Marie au jina hilo life.

Kuna desturi nyingine ya ukoo ule, na hii ndiyo Euphrasie aliyoishika kwa mikono miwili. Rafiki mkubwa wa marehemu anavishwa koti la marehemu. Kabla ya kulivaa anavua la kwake, anamkabidhi mjane, na mjane analishika mpaka chakula kimekwisha kuliwa.

Akampigia Crispin simu, sauti yake tamu kama ya mtu anayeomba kazi.

"Papa Crispin, koti ya Jean-Marie ni yako. Nani mwingine?"

"Maman Euphrasie, kweli? Nilikuwa naogopa kuomba." Sauti yake ilijaa machozi. Ana machozi ya akiba, huyu mtu. "C'est un honneur. Ile ndugu yangu nilimupenda hata na makosa yake."

"Na makosa yake," Euphrasie alirudia, akakata simu, akaitupa simu kitandani.

Umeanza kuona anakokwenda, siyo? Koti la kijivu, mfuko wa ndani, kadi inayobusiwa. Jumamosi ni siku ya mechi, na mtu wa kubeti haachi kadi yake nyumbani siku ya mechi.

Lakini Euphrasie hakuridhika na kamba moja. Alirudi Gare du Nord, akamwambia Cédric sentensi moja, akamwachia anwani ya ukumbi. Sentensi gani? Nikikwambia sasa nitajiharibia kazi.

*

Ukumbi ulijaa mapema. Picha ya Jean-Marie ilisimama juu ya meza, mwembamba, ana kipara na masharubu, amezungukwa na maua. Sufuria za sombe, yaani kisamvu, na fufu zilipangwa ukutani. Maman Gracieuse alikaa kiti cha mbele na simu yake mapajani, na Euphrasie alikaa miguuni pake, mweusi kutoka kichwani hadi viatuni, Jémima ubavuni mwake.

Nyuma kabisa alikaa Nusura na mama mmoja wa Kibelgiji mwenye skafu ya bluu. Watu walidhani ni mwalimu wake. Hakuwa mwalimu. Mama huyo ni mkaguzi katika ofisi inayosimamia michezo ya kamari, na Nusura alikuwa amemwomba kitu kimoja tu: asikilize kwanza.

Maman Gracieuse akaanza.

"Nilitoka mbali. Niko na swali moya kwa bantu ba hapa. Mwana yangu alikuwa anachezaka kamari?"

Watu wakatazama viatu vyao. Crispin akasimama, mkono kifuani.

"Maman, tumuache apumzike. Kila muntu iko na uzaifu yake. Miye, kama rais ya mutuelle, nilikwisha kumusamehe."

Amemsamehe. Sikieni wenyewe. Mimi ninayesimulia nilitaka kuingia humo ukumbini na kumzaba kofi, sasa jaribu kufikiria aliyekuwa mke. Euphrasie aliinama akauma ncha ya kilemba chake ili asipige kelele.

"Koti iletwe," akasema, sauti ikiwa imetulia.

Koti la Jean-Marie likaletwa, refu, la kahawia. Crispin akavua lake la kijivu na kumkabidhi mjane kwa mikono yote miwili, amefumba macho kwa unyenyekevu. Alipofumbua, mkono wa Euphrasie ulikuwa tayari ndani ya mfuko wa ndani.

Mtupu.

Akapapasa tena, mfuko wa pili, mifuko ya nje. Funguo na leso. Hakuna kadi.

Crispin alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Maman Euphrasie, unatafuta nini? Mushwara ya kupangusa machozi?"

Watu wakacheka kwa upole, kama unavyomcheka mfiwa. Mmoja akasema wamwache, ni uchungu. Crispin akafunga vifungo vya koti la marehemu juu ya tumbo lake, kimoja kikafungika kwa shida.

Alijua. Kuna mtu alimwonya. Euphrasie akaanza kuwahesabu vidoleni. Nani aliyejua habari ya kadi? Nusura, yeye mwenyewe, na... Hakumaliza kuwaza, kwa sababu mlango wa ukumbi ulifunguliwa.

Aliingia Cédric na ndevu zake nyekundu, shati limepigwa pasi, shada la maua mkononi.

Sasa naweza kukwambia ile sentensi. Euphrasie alimwambia hivi: "Mimi ni mke wa monsieur Jean-Marie, Jumamosi tunamfanyia sherehe, tafadhali uje." Neno kwa neno, hakuna uongo hata mmoja.

Kijana akapita katikati ya watu. Akapita mbele ya meza, mbele ya picha, akasimama mbele ya mtu mnene aliyevaa koti refu la kahawia, akampa mkono.

"Monsieur Jean-Marie, félicitations! Hukuniambia kama una watu wengi hivi."

Unajua jinsi friji inavyozima ghafla nyumbani, ndipo unagundua kumbe ilikuwa inavuma? Ukumbi ulikuwa hivyo.

Maman Gracieuse akainuka kidogo kitini. "Hii mutoto muzungu, amemuita nani?"

"Amenichanganya, maman," Crispin alisema haraka. "Bazungu unabajua. Kwabo siye wote ni sura moya."

Cédric alielewa tu kwamba anakanwa, na hilo lilimuumiza. "Pardon, siwachanganyi watu. Unakuja kila wiki. Nasoma jina lako kwenye kadi, nakutengea kiti chako karibu na dirisha." Kisha akaona picha mezani. Akaona maua yaliyoizunguka, akaona mishumaa, na shada lake likashuka polepole. "Na huyu bwana ni nani?"

"Huyu ndiye Jean-Marie," alisema Maman Gracieuse kwa Kifaransa safi cha masista waliomfundisha. "Alikufa mwaka jana. Mimi ndiye niliyemzaa."

Mama wa skafu ya bluu akasimama. Akatoa beji yake mkobani, akaivaa shingoni akitembea.

*

Hapo ndipo nilipotaka kuishia wiki hii, nikala raha yangu. Crispin hakunipa nafasi.

"Bon," alisema, akipangusa jasho. "Bon. Kadi nilikuwa nayo. Lakini sikuiba. Balinipatia. Na muntu alinipatia iko hapa ndani."

Hakumtazama mtu yeyote isipokuwa Jémima.

Euphrasie alihisi kitu kigumu, kidogo, kikisukumwa ndani ya kiganja chake chini ya lile koti la kijivu. Hakuhitaji kutazama. Kadi ya kitambulisho ina umbo lake.

"Maman," binti yake alinong'ona sikioni, midomo haichezi. "Ni miye. Nilianza kubeti wakati ilikuwa inaruhusiwa, nalikuwa na dix-huit ans, miaka kumi na munane. Balipopandisha umri, tonton Crispin akaniambia nilete kadi ya papa, atanichezea na yangu pamoja na yake. Leo asubui nilimunyanganya. Nilisikia mipango yenu, nikaogopa atanitaja. Pardon, maman."

Mwanamke mwingine angeanguka. Huyu alibaki amekaa, kadi ya mumewe ikimkata kiganja. Alikuwa amemtegea mwizi mtego wiki nzima, na mguu ulionaswa wa kwanza ulikuwa wa mwanawe.

Mkaguzi alikuwa ameshafika. "Madame, mtu aliyezuiwa kucheza hawezi kutumia kadi ya mwingine, na anayempa kadi naye ana makosa. Nani alimpa?"

Crispin akainama kana kwamba anamfariji mjane. Pumzi yake ilinuka bia.

"Sema, maman Euphrasie," alinong'ona. "Sema ni nani. Faili ya uraia ya mutoto iko commune, sawa? Ao useme ulikosea, tukule sombe, kila muntu arudi kwake."

Akajiweka sawa, akangoja. Alikuwa na uhakika. Mwanamume huyu alikuwa amebeti maisha yake yote, na hakuwahi kuwa na uhakika kama wa siku hiyo.

Euphrasie alimtazama binti yake, ambaye alikuwa ameuma mdomo mpaka umepauka. Akatazama picha iliyo mezani. Akatazama simu iliyo mapajani mwa mama mkwe wake, na akamfikiria yule mtoto wa Bukavu asiye na jina. Kisha akasimama, akainua kadi juu ili hata waliokaa karibu na sufuria waione.

"Hii ni kadi ya Jean-Marie. Crispin alicheza nayo tangu tulimuzika. Ile kasha ya mutuelle, ni yeye aliikula, si bwana yangu. Na muntu alimupatia kadi..." Akaishusha kadi kifuani. "Ni miye."

Nusura, kule nyuma, akashika kichwa.

"Ni uongo," alisema Crispin.

"Ni uongo gani? Umesema balikupatia. Miye njo muke ya marehemu, kadi ingetoka kwa nani? Ao unataka kueleza madame vile ulikuwa unachezea batoto benye hawajafika miaka?" Alisema hayo polepole, akimwangalia machoni, na Crispin akafunga mdomo, kwa sababu kosa hilo lilikuwa zito kuliko yote aliyokuwa nayo. "Voilà. Madame, andika majina yetu yote mbili. Lakini ya kwake uandike ya kwanza."

Nilikwambia tutarudia yale maneno yangu. Hasemi uongo hata kwa adabu, nilisema. Kwa kisasi alisema mmoja, na akautumia vizuri.

Maman Gracieuse alikuwa amesimama. Ni mfupi, lakini watu walirudi nyuma.

"Crispin. Mwana yangu alikuwa anachezaka?"

Crispin akatazama beji ya mkaguzi. Akatazama mlango, ambako wanaume wa mutuelle walikuwa tayari wamejipanga, mikono kifuani. "Hapana, maman."

"Sema na nguvu. Bale ba nyuma hawasikii."

"Jean-Marie hakuchezaka. Hata siku moya. Ni miye."

"Vua koti ya mwana yangu."

Akavua. Kile kifungo kilichofungika kwa shida sasa kilikataa kufunguka, na akahangaika nacho mbele ya watu wote, hadi bibi alipomsogelea akakikata kwa mkono. Akasimama na shati lake tu, limelowa mgongoni. Hakuna aliyempa koti lake la kijivu. Euphrasie alikuwa amerudi kukaa chini, juu ya koti hilo.

Nitakwambia ukweli, alifurahi. Hakuwaza msamaha, hakumwonea huruma. Alimtazama mtu yule akitetemeka, na moyo wake ukala ukashiba.

Bibi akapiga simu Bukavu, akaiweka sauti ya juu, wote wakasikia kelele za watu upande wa pili wakisubiri, padri akiwa nao tayari kumbatiza mtoto. "Ile mutoto," alisema, "mumupatie jina. Jean-Marie." Wanawake wakapiga vigelegele, Brussels na Bukavu kwa pamoja.

Kitenge kipya kilikuwa kimekunjwa juu ya meza, cha manjano na kijani. Euphrasie akapiga magoti, akainamisha kichwa angoje kuvuliwa nyeusi.

Maman Gracieuse alikichukua kitenge kile. Akakikunja tena, kidogo zaidi, akakitia katika mkoba wake na kuufunga zipu. Kisha akaishika ncha ya kitambaa cheusi shingoni mwa mkwewe, akalikaza fundo.

"Weye, bado," alisema. "Muke anatoa jina ya bwana yake kwa mwizi, anangoya bakalichafula, nyeusi haimutoke. Utaivaa mupaka nitakufa."

Euphrasie alikuwa amejua bei ya maneno yake kabla hajayasema. Akainuka, akajipangusa magoti, akamwambia mkaguzi yuko tayari. Wakaanza kuelekea mlangoni, Crispin mbele na shati lake, yeye nyuma na nyeusi yake, na alikuwa bado ana kitu kama tabasamu.

"Tate, ngoja."

Ilikuwa sauti ya Jémima. Alikuwa ameshika mkono wa tate, bibi yake, ule wenye simu.

Euphrasie akageuka. Akamtazama binti yake kwa jicho ambalo kila mtoto wa Kivu analijua, jicho la nyamaza.

Jémima hakunyamaza.

"Si maman alitoa kadi. Ni miye nilimupatia tonton Crispin." Alikuwa akilia, lakini kila neno lilisikika. "Na miye sikuiba ku muntu. Papa njo alinipatia, pale hôpital, na mukono yake. Alijua ni ya kuchezea kamari."

Crispin, mlangoni, akageuza kichwa taratibu, na rangi ikaanza kumrudia usoni.

Simu ilikuwa bado wazi mkononi mwa Maman Gracieuse. Kutoka Bukavu ikasikika sauti ya mwanamume, ya furaha, ikiuliza kama padri amwage maji au angoje kidogo.